Mechi ya Geti Wazi

Igogo, Mwanza
14 Agosti 1994

Mpendwa kaka Orwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima hapo Misungwi, wewe, wifi na watoto. Mimi sijambo, ila nina habari kubwa ya jana.

Unamkumbuka Bi Cora, yule mwalimu mstaafu wa Mkolani, Mmarekani mweusi aliyenifundisha tenisi? Ujanani, enzi za kucheza na sketi ndefu, alikuwa bingwa wa weusi wenzake huko kwao, lakini kushindana na wazungu walimkatalia.

Sasa klabu ya mjini imeuzwa kwa mtu binafsi, na sisi wa kiwanda cha samaki hatuingii tena. Wiki iliyopita katibu wao, Bwana Nkwabi, aliniita. Alisema Winnie, bingwa wao, anahitaji mtu wa kujipima naye kabla ya mashindano ya taifa. Nije Jumamosi, geti litafungwa, nisimwambie mtu.

Nilikimbia kumweleza Bi Cora kwa furaha. Akanisimulia jinsi bingwa wa kizungu alivyomwalika vivyo hivyo, uwanja mtupu. Bi Cora akamshinda. Magazeti yakaendelea kuandika kwamba yule mzungu hana mpinzani, na Bi Cora aliposema, akaitwa mwongo. Raketi akaiweka chini, akawa mwalimu.

Jana nilifika klabuni naye, pamoja na wenzangu wa kiwandani, wangali na mabuti yao. Nikamwambia katibu sichezi mpaka wote waingie. Alifoka kwamba ataita polisi, na kwamba meneja wangu ni mwanachama pale, kwa hiyo kazi nitaisahau. Kaka, nilikaribia kusema basi yaishe. Ndipo Winnie akaja, akamtazama yule bibi aliyesimama juani na fimbo yake, akasema, "Fungua, Bwana Nkwabi. Nikimshinda bila watu, nani atajua?"

Akafungua.

Sasa nikuambie ukweli kabla boti hazijampelekea mama habari huko ng'ambo ya ziwa. Igogo nzima wanasema nilishinda. Nikikanusha, wanacheka. Si kweli, kaka. Seti ya kwanza nilichukua mimi, mbili zilizofuata akanichapa.

Nilimwendea Bi Cora nikilia. Akanifuta uso kwa kanga yake, akasema, "Umeshindwa, na watu wamekuona. Ule ushindi wangu ningeutoa wote nipate hilo."

Kesho ndiyo nitajua kama kazi bado ipo. Niombeeni. Mbusu mwanao wa mwisho kwa niaba yangu, na wifi mpe salamu zangu zote.

Ni mimi dada yako,
Amondi