Kigogo cha Mwaka Kesho

Jumamosi, 13 Desemba
Nimenoa panga. Mama alikaa mlangoni kunisimamia, kama kila mwaka. Upande mmoja bado butu, akasema. Nikanoa tena. Wiki ijayo tunapanda Rulindo, kwenye shamba la marehemu Baba, kukata mti wa Noeli. Kigogo cha mwaka jana kiko juu ya kabati, kimekauka vizuri. Sitaki hata kukiangalia.

Jumapili, 14 Desemba
Desturi yetu ndiyo inanikaba. Anayekata mti anakata pia kigogo, kipande cha chini cha shina, anakiweka. Noeli inayofuata ni yeye mwenyewe anakitia motoni, chakula cha sikukuu kinapikwa juu yake. Kwa hiyo kukata ni kuahidi kwamba utakuwepo. Baba alikata mpaka alipofariki. Kaka yangu Deo alikata mara moja tu, akaenda Ubelgiji, kigogo chake kikaliwa na mchwa. Mama analisema hilo mpaka leo. Tangu hapo nakata mimi.

Na Januari rafiki yangu Aline, fundi mwenzangu, ananingoja Mwanza. Chumba cha kushonea tumeshapata. Nimemwambia ndiyo, nakuja. Mama sijamwambia kitu.

Jumatano, 17 Desemba
Leo nilisema lazima nimwambie. Nikafunga cherehani mapema, nikanunua sambaza, vile visamaki vya ziwani anavyopenda. Akala, akasifu, akaanza kupanga rangi ya sebule kwa Noeli ya mwaka kesho. Nikakusanya sahani. Mwoga mkubwa mimi.

Deo kapiga simu. Eti anamshukuru Mungu mimi niko nyumbani. Nusura nimtukane. Nyumba yetu hapa Kigali, juu kilimani Rebero, inapigwa na upepo pande zote, lakini mimi sipati pumzi.

Ijumaa, 19 Desemba
Kesho, kabla ya kukata. Nikishakata nimekwisha.

Jumamosi, 20 Desemba
Nimekata.

Mama alipanda kilima mwenyewe na magoti yake mabovu, mkono wangu akaukataa. Akachagua msipresi. Ukungu ulikuwa umefunga kila kitu, hata barabara hatukuiona. Nikafungua mdomo. Akanipa panga. "Kata mwanangu, mvua inakuja."

Nikakata. Hasira yote nikaimalizia kwenye shina. Kisha kigogo. Nimekipakata garini mpaka Kigali. Utomvu umenata mikononi, nimesugua kwa sabuni na majivu, wapi!

Jumatatu, 22 Desemba
Vigogo viwili juu ya kabati. Mama anapamba mti huku anaimba. Namchukia. Hapana, uongo. Nampenda, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Aline anauliza nakata lini tiketi ya basi. Nimezima simu.

Alhamisi, 25 Desemba
Tulirudi kutoka misa, nikatia kigogo cha zamani motoni, nikaenda kubadili nguo. Kurudi, jikoni moshi mtupu. Pembeni ya kile cha zamani kulikuwa na kile cha juzi, kibichi, kinatoa povu. Nikapiga kelele. Yewe, Mama, hicho cha mwaka kesho!

Hakugeuka. "Miezi hii yote unaongea na Aline kwa simu nyuma ya jikoni. Ulifikiri jikoni hakuna dirisha?"

Nikalia. Yeye alikuwa anafuta macho, akasema ni moshi.

Wali umechelewa kuiva na unanuka moshi. Tumeumaliza. Juu ya kabati Mama amefuta vumbi, ameweka redio.