Pensheni Niliyomwekea Mama Gesare

Landi ya Baraza, Nyumba 27,
Nakuru.
14 Agosti, 1974.

Mpendwa dada yangu Persis,

Pokea salamu zangu kutoka huku mbali. Miguu yako inaendeleaje na baridi ya Nyakoe? Watoto ni wazima? Mimi mwili upo, mitaro ya mji nazibua kila siku, ila tangu barua yako inifikie, chakula hakina ladha.

Barua ilikaa njiani siku kumi na moja. Niliisoma nimesimama penye bomba la maji, nikidhani ni habari za mvua. Kumbe mke wangu alikuwa tayari chini ya udongo. Nimehesabu, na siku mliyomzika mimi nilikuwa ndani ya mtaro naimba. Hilo linaniuma kuliko yote, kwamba niliimba.

Unasema watu wanauliza kwa nini pesa zilikoma kumfikia. Dada, sikuzinywa, wala sikuoa huku. Ngoja nikwambie ukweli.

Nilipostaafu kazi ya barabara huko Kisii, nilipata pensheni ndogo ya kila mwezi, na yote ilikuwa yake. Kisha baraza la huku likaniajiri tena kwa miaka minne. Karani wetu, Jethro, kijana wa Kebirigo, akaniita ofisini.

"Baba, chagua. Uendelee kula pensheni yako ndogo, lakini kazi hii mpya isikuongezee kitu. Ama tuifunge kwanza, tuunganishe miaka ya zamani na hii, ukimaliza upate kubwa. Na ukifa, mjane wako atapewa nusu."

Nikachagua ya pili, kwa ajili ya hiyo nusu. Jethro akaniuliza, "Na mama akitangulia?"

Nikacheka. "Yule? Nimemzidi miaka kumi na miwili! Tena ni Msabato wa kweli, amechuma chai maisha yake yote na kwa dini yake hajaionja hata siku moja. Atatuzika sote, na wewe karani ukiwemo." Tukacheka wote wawili, nikatia sahihi.

Nikamwandikia Mama Gesare avumilie, nikimaliza tutaezeka bati. Mshahara wa mitaro huishia kwenye chakula na kodi. Kilichobaki nilituma, na miezi mingine hakikubaki. Hakunung'unika hata mara moja. Sasa wewe ndiwe unayeniambia kwamba alikuwa akichuma chai ya watu kwenye mvua huku anakohoa, na kwamba aliwakataza msiniandikie. Ningejua, ningekuja kwa miguu.

Jumatatu nilikwenda kwa Jethro. Nikamwambia, "Nifungulie ile ndogo. Naenda nyumbani."

"Baba, imebaki miezi kumi na sita tu! Utaitupa ile kubwa?"

"Ile nusu ya mjane, utampa nani?"

Akainuka kutafuta fomu. Mwisho wa mwezi ujao natoka.

Sasa nina ombi. Umesema mwanangu Ongeri anataka kubomoa nyumba yetu ya nyasi ajenge ya bati kule karibu na barabara. Mzuie, dada, wewe anakuogopa. Mama yake mmemlaza upande wa kushoto wa nyumba, kama inavyopasa. Upande wa kulia ni wangu. Nyumba ikiondoka, atabaki pale kama mtu aliyesahauliwa njiani. Waambie wazibe tu panapovuja, mengine nitamalizia kwa mikono yangu.

Nisalimie binti yangu Gesare, asilie sana, ana mtoto wa kunyonyesha. Nisalimie shemeji Nehemiah, na mama Bathsheba aliyemwosha marehemu. Deni lake siwezi kulilipa.

Mungu aufunike mji wako kwa mkono wake, akupe usingizi ambao mimi sina.

Ni mimi, ndugu yako akupendaye siku zote,
Cleophas Ogari

Kikapu chake cha chai kisipewe mtu mpaka nifike.