Dosso kwa Awamu

Jumapili, 1 Juni 2025

Nimemnunua Dosso! Mimi! Serafina wa mashine ya mpunga! Chakula kimepoa mezani na sina habari nacho.

Niandike vizuri, maana kesho nitadhani niliota. Leo dirisha la usajili limefunguliwa kwenye gemu letu. Wote sita tumebanana steshenari kwa Deusdedit baada ya misa. Kompyuta moja, kiti kimoja, tunapokezana. Anayecheza anakaa, wengine wanageukia mashine ya fotokopi wasichungulie. Ligi kaitengeneza Deusdedit mwenyewe, na timu zote kazipa majina ya huku kwetu. Mimi nina Kagongwa. Ndiyo maskini kuliko zote. Nilipewa hiyo kwa sababu nilichelewa kufika siku ya kugawana. Na kwa sababu ni mwanamke, ila hilo hakuna aliyelisema kwa mdomo.

Dosso ni mshambuliaji wa Tinde, timu ya Baba Zakia, yaani mzee Nuruddin muuza vitenge. Miaka kumi na tisa, mbio anazo, mguu wa kushoto ni balaa. Si mtu wa kweli, kompyuta imemzaa yenyewe. Lakini nampenda kuliko baadhi ya watu wa kweli ninaowajua. Bei milioni tisini. Akaunti ya timu yangu — thelathini na tano.

Magesa naye alikuwa anamtaka. Huyu ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo huko Geita, wikiendi yuko kwao hapa, na timu yake Katoro ndiyo yenye hela. Akatoa sabini na tano keshi, akakataa kuongeza hata mia. Mzee atashuka tu, anasema, nani mwingine ana pesa hapa?

Mimi nikashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, huko ambako hakuna anayefikaga. Kulipa kwa awamu. Thelathini leo, thelathini Januari ya kwenye gemu, thelathini Mei. Halafu nikaongeza kitu: nikija kumuuza Dosso, asilimia ishirini ya bei ni ya Tinde. Baba Zakia akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akauliza hiyo asilimia ya nini tena. Nikamwambia hiyo ni ndama, Baba Zakia. Ng'ombe nimemchukua mimi, akizaa ndama wa kwanza ni wako. Akacheka mpaka akakohoa. Akabonyeza "kubali".

Magesa alikasirika waziwazi. Eti huo si usajili, huo ni mkopo wa kausha damu! Dhahabu unaweka mezani, unapewa hela yako, mnaachana. Anasema bodi itanifukuza msimu haujaisha. Na sheria yetu naijua: bodi ya timu ikikufukuza kwenye gemu, umetoka kwenye ligi. Kiti anapewa mwingine. Cha kwangu tayari kina mtu anayekisubiri, shemeji yake Magesa. Kanunua na mausi yake ya kompyuta kabisa!

Asubiri.

Jumatatu, 2 Juni

Foleni ya mpunga mpaka barabarani. Pumba mpaka masikioni.

Jioni nilimuuliza Baba alilipaje mahari ya Mama. Kwa awamu! Ng'ombe wa mwisho alimpeleka mimi nikiwa tayari natembea. Mama akadakia kutoka jikoni kwamba huyo wa mwisho alikuwa anachechemea. Baba anasema ambacho kingemuudhi babu mzaa Mama si ng'ombe waliobaki, ni yeye kupotea asionekane. Kwa hiyo kila mara alikuwa anakwenda kusalimia hata mikono mitupu. Mama anasema ndiyo, kusalimia na kula.

Jumapili, 8 Juni

Mechi nane, Dosso magoli saba. Saba!! Tuko wa pili.

Baba Zakia kaleta nyama ya Idd, tukala juu ya katoni za karatasi. Magesa kamsajili mkongwe mmoja kutoka nje, milioni mia na ishirini, zote keshi, akajipigia makofi mwenyewe. Mkongwe ana miaka thelathini na tatu. Goti lake moja lina historia ndefu.

Mimi nimeshaonja utamu. Hela za viingilio zimeingia, na kabla dirisha halijafungwa nimechukua kipa na kiungo, wote kwa awamu, nusu sasa na nusu Mei. Deusdedit ananiuliza kama nitaweza. Nikamwambia angalia msimamo wa ligi, ndugu yangu.

Jumapili, 15 Juni

Tunaongoza ligi! Leo nimetoka steshenari natembea katikati ya barabara kama gari.

Jumapili, 22 Juni

Kwenye gemu ni Januari. Awamu ya pili ya Dosso nimelipa, shingo juu. Halafu nikafungua ukurasa wa madeni.

Mei. Mei. Mei. Dosso Mei, kipa Mei, kiungo Mei. Jumla milioni hamsini na tano, na mimi nina ishirini na mbili. Mechi ya mwisho ni Juni, na zawadi ya ubingwa inaingia baada ya hapo!

Kwa nini niliandika Mei kila mahali? Nimejiuliza njia nzima. Ni kwa sababu huku kila mtu anaandika Mei! Mtu akikopa mbolea, akikopa bati, ada ya mtoto — "nikivuna". Pale mashineni nasikia neno hilo tangu asubuhi mpaka jioni, na mwezi wa tano mpunga unaingia na watu wanalipana kweli. Mkono wangu umeandika Mei bila kuniuliza. Kwenye gemu hakuna mpunga, Serafina! Nani atavuna? Dosso?

Sikumwambia mtu. Nimechukia, nimecheka, nimechukia tena. Deusdedit amesimamisha gemu hapo hapo Januari, tunaendelea Jumapili ijayo. Dirisha la Januari bado liko wazi. Nina wiki nzima ya kupiga hesabu.

Alhamisi, 26 Juni

Nimekwenda dukani kwa Baba Zakia. Moyo wangu ulikuwa unataka kujificha mpaka Mei ifike, ila nikamkumbuka Baba na safari zake za kusalimia. Shikamoo, marahaba, karibu kiti. Nikamweleza yote bila kuzunguka. Mzee kasikiliza huku anakunja vitenge. Akasema anashukuru nimekuja mwenyewe, wengi wakibanwa wanaanza kupita njia ya nyuma. Halafu, papo hapo, akaomba beki wangu wa kushoto kwa milioni thelathini. Keshi.

Huyo beki ana thamani ya arobaini na tano! Nikamwambia mzee, mbona unaniua? Akasema hapana, angetaka kuniua angesubiri Mei.

Tumekubaliana thelathini na tano. Ameniagizia na soda.

Jumapili, 29 Juni

Beki kaenda. Nimemhurumia, alikuwa mtoto mzuri. Mei imefika, nimelipa kila mtu, nimebaki na milioni mbili. Mbili! Bodi ikatuma ujumbe hapo hapo: mishahara ya Juni haipo, bila zawadi ya ubingwa kocha, yaani mimi, ataondoka. Magesa aliuona ujumbe, maana aligeuka kabla sijamaliza. Akausomea wote kwa sauti. Shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni na mausi mfukoni.

Imebaki mechi moja. Kagongwa na Katoro. Mimi na Magesa. Tangu beki aondoke Katoro wametupita pointi moja, kwa hiyo sare ubingwa ni wake.

Niliuliza kama tucheze leo leo tuyamalize. Umeme ukakatika. Wiki nyingine!

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimepima gunia la mama mmoja mara mbili na nikamwandikia jina la kipa wangu. Akili haipo.

Jumapili, 6 Julai

BINGWA!

Bingwa bingwa bingwa. Sauti imekauka. Acha niandike kwa utaratibu.

Magesa hakuwa mjinga. Mashambulizi yote aliyapitisha upande wangu wa kushoto, pale palipokuwa na beki niliyemuuza. Dakika ya kumi na moja, goli. Watu wamejaa mpaka nje, wengine walikuja kutoa fotokopi ya vitambulisho wakasahau. Shemeji mtu keshaanza kujinyoosha mgongo kama anayetaka kukaa.

Mapumziko nilimvuta kiungo wangu wa awamu akasimame kushoto, Dosso nikamwacha peke yake mbele. Deusdedit akanong'ona kwamba nimechanganyikiwa. Dakika ya sitini na tatu mkongwe wa milioni mia na ishirini akashika goti. Magesa hana wa kumwingiza, hela yote ilikwenda kwa huyo huyo! Dakika ya sabini Dosso. Moja moja. Nikasimama juu ya kiti. Dakika ya themanini na nane kipa wangu akapiga mpira mrefu, Dosso akamwacha beki, akamwacha na mwingine, mguu ule ule wa kushoto...

Baba Zakia alipiga kelele kuliko mimi. Alikuwa anapiga kelele "ndama wangu! ndama wangu!"

Zawadi imeingia. Bodi imenipa mkataba mpya. Magesa alinipa mkono bila kuniangalia, lakini alinipa. Wabeja sana, nikamshukuru kwa Kisukuma. Nililia kidogo nyuma ya steshenari, kwa furaha, na sioni aibu.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, lakini mpunga haujui sikukuu, nikafungua mashine. Saa nne nani anaingia? Magesa! Viatu vyeupe kwenye pumba. Akanisalimia, akaulizia Baba, akaulizia Mama, akaulizia mpaka mbuzi. Nikajua ana jambo.

Anamtaka Dosso. Milioni mia mbili, dirisha likifunguliwa. Nikamwambia sawa, weka mezani, nakupa mchezaji wako, tunaachana. Akatazama chini. Keshi ana hamsini tu, na mkongwe hauziki na goti lile. Kwa hiyo anaomba... halafu akalisema neno lenyewe kwa sauti ndogo sana. Nikamwambia mashine inapiga kelele, kaka Magesa, sema kwa nguvu.

"KWA AWAMU!"

Akina mama wote kwenye foleni waligeuka. Nikamwambia nitafikiria.

Jumapili, 13 Julai

Niko steshenari. Dirisha limefunguliwa na mimi ndiye niko kwenye kiti. Ofa ya Katoro iko mbele yangu kwenye kioo: hamsini leo, iliyobaki mafungu matatu. Chini yake viboksi viwili tu, kubali na kataa.

Wamegeukia fotokopi wote. Baba Zakia amehamia upande wa Magesa wiki nzima, keshapiga hesabu ya asilimia ishirini yake, na amekohoa mara nyingi kuliko mtu mgonjwa. Uza mwanangu, ananiambia bila kugeuka, bei kama hii haiji tena. Ni kweli haiji. Ningenunua timu nzima kwa hela hiyo. Deusdedit anasema fanya haraka, kuna mteja anataka kutoa kopi.

Nimemfungua Dosso nimtazame tena. Miaka ishirini sasa. Hali yake, kompyuta imeandika: anaipenda timu.

Magesa kauliza, mgongo ukiwa bado kwangu, "Dada Serafina, samahani... umeshaona ya kwangu?"

Nimesema naiona. Mausi nimeisukuma pembeni, nimetoa daftari langu, naandika haya. Hajageuka. Ameuliza tena, kwa adabu zaidi, kama aongeze kidogo kwenye fungu la kwanza. Asubiri.