Siku Niliyopeleka Kiboko Visiwani

Jumatatu, 3 Juni
Nimefungua salon mapema. Vichwa vyote vya maana katika muji huu vinapita mikononi mwangu, hapa Murara. Nimenyoa hata wakubwa ambao siwezi kuandika jina lao. Nikifunga juma moja tu, Goma itatembea na manyoya kama mbuzi.
Leo wateja wameomba tena ile hadithi ya kiboko. Namna nilimupiga kasia kwenye pua, kule ziwani, visiwa vya nyuma ya Idjwi. Wazungu na watu wa ONG, wale wa misaada, wanaishia kisiwa cha Tchegera: wanalala kwenye hema, wanapiga picha, wanarudi. Mimi nilipita mbali. Mumoja amecheka mpaka nikaondoa wembe kwenye shingo yake. "Endelea, Papa Paluku." Nikaendelea.

Jumatano, 5 Juni
Neema, mutoto wa dada yangu, amepata muchumba. Jina lake Bahati, mwalimu. Kwao ni kisiwa kidogo kupita Idjwi, kwenye ramani ya shule hakimo. Mbele ya kuongea mahari, jamaa yetu lazima ivuke, ione pale mutoto wetu ataishi. Na mutu mumoja aseme kwa ajili ya wote. Porte-parole. Hakuna haja ya kuuliza ni nani.
Nimepiga kostimu pasi.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa tumekutana kwa dada yangu, Majengo. Amechagua Zaka.
Zaka ni mudogo yangu. Mimi ni Paluku, maana yake muvulana wa kwanza. Yeye ni Kambale, wa pili. Kwetu Butembo jina lenyewe linasema nani afungue kinywa. Lakini dada anasema Zaka ananunua nanasi kule visiwani, anajua watu na desturi zao. "Na wewe yaya, mukubwa wetu, kuongea unajua. Kunyamaza ndiyo bado."
Wamecheka wote. Neema pia.
Niko na wivu. Sombe yao, majani ya muhogo, nimekula kidogo tu, ili wajue.

Alhamisi, 13 Juni
Zaka amekuja kunyolewa kwa ajili ya safari. Akiwa kwenye kiti changu ameanza kusimulia visiwa. Kimoja cha ndege watupu. Kimoja cha ng'ombe na muchungaji wao, mutu mwingine hakuna. Kimoja ambako wanaanika kahawa mbele ya kanisa, padri anaruka mikeka kwenda kusoma misa.
Hadithi kavu. Hazina hata chumvi. Ni za kweli tu. Na wateja wangu walinyamaza kusikiliza, kwenye salon yangu, chini ya taa yangu ya ampule.
Nimemukata vibaya nyuma ya sikio. Kwa makusudi.

Jumamosi, 15 Juni
Tumevuka. Dada, Zaka, mimi, na Bahati wa kutuongoza. Upepo wa kiangazi. Sisi ni watu wa milima, maji tunapenda yakiwa kwenye sufuria.
Kupita Idjwi, visiwa vikaanza kutokea, kimoja nyuma ya kingine. Sikujua ni vingi hivyo. Kimoja mawe yake yote ni meupe, kazi ya ndege. Tukapumzika kwenye kile cha kahawa, nikaona mikeka ni kweli. Maji pale ni kijani kama chupa, unaona mpaka chini. Ni pazuri. Inaniuma kwamba ni Zaka anayetuonyesha, mukono umenyooka kama askofu.
Kwa wakwe wametupokea vizuri. Ugali, samaki wadogo wa sambaza, kasiksi, ile pombe ya ndizi mbivu. Zaka akasimama, akasalimia, akasema maneno machache, akakaa. Machache mno. Nikaona jamaa yetu inaaibika. Nikasimama bila kuitwa.
Nikawapa kiboko. Pua, kasia, damu, yote.
Hakuna aliyecheka. Koko ya Bahati, mama ya baba yake, akaweka kikombe chini. "Papa, ziwa hii haina kiboko. Hata mamba haina. Mutoto wa hapa anajua hiyo mbele ya kujua kutembea."
Mujomba wa Bahati hakuniangalia mimi, aliangalia dada yangu. "Kama wanatudanganya juu ya munyama, juu ya binti yao watatuambia nini?"
Bahati aliangalia viatu vyake. Dada yangu alifunga macho. Nilijua nimemuvunjia Neema ndoa.
Zaka akasimama pole.
"Wakwe, musikasirike. Kwetu mukubwa ndiye anapima nyumba. Anaweka uwongo kati ya sahani, anaangalia nani ataumeza juu ya heshima. Mungeumeza, tungerudi na mutoto wetu. Lakini mumemuambia mugeni ukweli usoni. Sasa tunajua Neema hatadanganywa hapa."
Koko akaanza kucheka, bila meno. "Basi muongezee kasiksi huyo mupimaji."

Jumapili, 16 Juni
Tumerudi. Wakwe wamekubali, mahari itaongewa. Neema amelia kwa furaha, amemushika Zaka shingo.
Desturi ile haiko. Butembo haiko, Beni haiko. Zaka aliitunga pale pale, sambaza bado mudomoni. Mutu ambaye hajui kutia chumvi. Mimi ninadanganya tangu ujana na hakuna uwongo wangu uliosaidia mutu. Yeye amesema mumoja, ukaokoa nyumba nzima.
Mbele nilimuonea wivu juu ya nafasi. Sasa ni juu ya uwongo. Huu unauma zaidi.

Jumanne, 18 Juni
Wateja wengi. Nimewaeleza namna nilipima wakwe. Wamenisifu. Muzee mumoja anataka nimupimie wa kwake.
Zaka alipita, akakaa pembeni, akasikia yote. Alikunywa chai, akaaga.
Nimefunga mapema. Mvua hakuna, vumbi tu.
Kuna kitu sikuwaambia. Wakati wa kurudi, mawimbi yalipoanza, nilishika koti ya Zaka kwa nyuma. Tulifika bandari ya Kituku, tukashuka, tukapita katikati ya mama wauza samaki mpaka kwenye barabara. Bado nilikuwa nimeishika. Yeye alijua. Alikuwa anatembea pole pole, ili isiniponyoke.