Shikamoo Isiyoitikiwa

Machi 3

Dada yangu, shikamoo. U mzima? Na ule mguu wa kukanyagia cherehani? Mimi mzima kama sarafu mpya. Huku kava za simu zinatoka. Watu hawana cha kuvaa, ila simu lazima ivae! Natembea mpaka kivuli changu kinaomba likizo.

Umeniuliza yule msusi wa mlango wa pili hapo kwako ni nani wangu. Dada, mambo yamebadilika! Nyinyi mlikuwa na mchumba na mke, basi. Sasa kuna krashi, kuna beibi, kuna spea, kuna mchepuko. Sisi tuko kwenye sichueshenishipu. Neno refu kuliko uhusiano wenyewe. Maana yake tunapendana ila hatujaweka jina. Kwa hiyo msalimie… we msalimie tu.

Mdogo wako, Mzee wa Kava


Machi 10

Mdogo wangu, marahaba. Mimi mzima, mguu unalalamika lakini kazini unakuja.

Hilo lineno lako limenitia matatani. Jana msusi kaja kuazima mkasi, akaniambia, "Shikamoo, wifi." Nikiitikia "marahaba, wifi", nimeshakuoza. Nikinyamaza, nimemdharau mtoto wa watu. Nikakohoa. Nimekohoa mpaka kaniletea maji!

Nijibu: ni wifi au si wifi?

Dada yako


Machi 12

Dada, shikamoo, na pole na kikohozi, hahaha! Mwambie ni vumbi la vitambaa.

Usininunie. Yule wa kwanza si nilimpa jina? Mama akamwita mkwe, wewe wifi, mjomba akatangaza mpaka kwa kinyozi. Aliponipiga chini, aliacha ukoo mzima. Mjomba mpaka leo ananiuliza hajambo! Siku hizi naogopa jina kuliko polisi. Acha twende hivihivi kwanza.

Mdogo wako


Machi 27

Dada, shikamoo, mzima? Haraka haraka: umemwona msusi? Namwandikia, tiki zinageuka buluu, kimya. Ndiyo wanaita kughostiwa: mtu anakuwa mzimu na huku anasuka wateja!

Nakaa, nasimama, nachungulia simu. Nimeazima ya jirani nijipigie, nione kama yangu inaita. Inaita vizuri tu. Jana nimemuuzia mzee mmoja kava ya maua maua, na simu yake haiingii humo hata kwa sabuni. Kanifukuza na bakora. Sasa nazima data. Nisipoziona hizo tiki, nitapona.

Mdogo wako asiyetulia


Machi 29

Mdogo wangu, marahaba. Sisi wazima.

Msusi kaja na kitambaa cha zambarau. "Habari za kazi, fundi." Fundi! Nikamuuliza gauni la shughuli gani. "Kuna mtu anataka kunipeleka kwao, anitambulishe kwa mama yake." Nikasema, "Na yule wetu wa kava?" Akacheka. "Yule? Mimi nilisalimia, wewe ukakohoa. Nikaelewa."

Nimempima. Analitaka Jumamosi ijayo. Sijakata kitambaa. Nakusubiri mpaka Alhamisi, baada ya hapo mimi ni fundi, siwezi kumchelewesha mteja kwa sababu ya ndugu. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Sema neno.

Dada yako


Aprili 5

Dada! Shikamoo! Usikate! Nimewasha data leo asubuhi, nikasoma yako nimesimama katikati ya barabara, pikipiki zinanitukana. Ni wifi! Wifi yako, mkwe wa mama, na mjomba mwambieni aanze kutangaza hata kwa vinyozi wawili! Ile shikamoo yake si bado ipo? Iitikie. Niko stendi, nimekalia mzigo wa kava, gari bado linatafuta abiria, nimeshamwambia kondakta anihesabu wawili tuondoke. We itikia kwanza, mimi nakuja!

Mdogo wako


Aprili 5, jioni

Mdogo wangu, marahaba. Natumaini umepata kiti.

Nilikata Ijumaa. Ujumbe wako umeingia msusi akiwa mbele ya kioo, gauni limemkaa kama amezaliwa nalo. Nimeusoma mara mbili, nikafuta mikono, nikamwambia, "Marahaba, wifi."

Amekohoa.

Dada yako