Mkono Niliompa Frimasoni

Baba Neema wangu,

Baridi ya Toronto inang'ata, ila sweta yako inanitosha. Jana mwanao kanipeleka kwenye jumba la zamani la kumbukumbu la Frimasoni, tupande mnara tuone mji. Nikakumbuka onyo lako, kwamba ukiwapa mkono tu wamekuingiza kwenye chama chao. Mzee wa mlangoni aliponyoosha wake, nikauficha wangu ndani ya kanga.

Kule juu magari yalikuwa madogo kama siafu na ziwa halina ng'ambo. Nikang'ang'ania ukuta nimefumba macho, Neema yuko anapiga picha. Aliyenishika mkono ni yule mzee wa mlangoni, kumbe alitufuata juu, akanishusha ngazi zote polepole. Mkono wake unatetemeka kama wako. Sikuuachia hata tulipofika chini.

Meza dawa zako. Huu mkono nakuletea, uukague mwenyewe.

Mama Neema