Miaka Ishirini kwa Gobole la Tata

Jumatano, Kimwani. Mvua ya leo haina haraka, ni ile inayomlowesha mtu taratibu mpaka anashtuka nguo zimegandamana mwilini. Nimekaa kwenye chumba cha uani hapa nyumbani kwa Mama. Wifi yangu Koleta ameniletea ndizi na maharage, na sahani bado iko kama alivyoiweka.

Leo kaka yangu Projestus amefungwa miaka ishirini.

Nimeiandika hivyo ili niione. Tangu tutoke mahakamani Bukoba nimekuwa nikisema "amefungwa" halafu naishia hapo.

Tuliozaliwa na Tata, baba yetu, tulitawanyika. Mimi niliolewa mjini, nikaishia Rwamishenye na kaduka kangu ka vitenge. Projestus ndiye aliyebaki huku kwenye kibanja, shamba letu la nyumbani, akamtunza Tata hadi akamzika, na sasa anamtunza Mama. Analima migomba, mahindi na mpunga kidogo kule bondeni. Si mlevi wala si mgomvi. Ni mbishi tu, na ubishi wake ni wa kuahirisha: ukimwambia jambo leo, atakwambia acha kwanza nimalize hili.

Gobole lilikuwa la Tata. Ni bunduki ya kienyeji, mtutu wake bomba la chuma, kitako chake mti, unashindilia baruti kwa mbele. Fundi aliyelitengeneza alishakufa zamani. Halina namba, halina kibali, halikuwahi kuandikwa popote. Tulipokuwa watoto lilikaa juu kwenye kenchi, na kazi yake ilikuwa nguruwe pori. Mahindi yakikaribia kukomaa, Tata alilipua mara moja hewani, nguruwe wakatimka, na sisi tukacheka hadi tukashika mbavu. Hakuna aliyeliita silaha. Lilikuwa kama jembe lenye kelele.

Kisha likaja tangazo la kusalimisha silaha kwa hiari. Ukipeleka mwenyewe, huulizwi. Mwenyekiti wa kitongoji alipita nyumba kwa nyumba, na kanisani lilisomwa baada ya misa. Koleta, mke wake, alimkumbusha. Alimjibu, "Acha kwanza nivushe mahindi haya, nitalipeleka."

Muda wa hiari uliisha mahindi yakiwa bado mabichi.

Alfajiri moja nguruwe waliingia shambani, akalipua. Askari wa doria walikuwa jirani, wakausikia mlio. Walimkuta katikati ya mahindi analo mkononi. Hakukimbia. Koleta anasema hata aliwaamkia.

Kortini aliposomewa shtaka la kumiliki silaha bila kibali, alikiri palepale. Sisi tulilelewa hivyo: ukisema kweli, adhabu inapungua. Ilikuwa hivyo kwa Tata, ilikuwa hivyo kwa padri kwenye kitubio. Akasema, "Ni kweli, mheshimiwa. Ni la marehemu baba yangu. Nilikuwa nafukuza nguruwe." Wakili tulimpata baadaye, maneno yale yakiwa yameshaandikwa. Hukumu ikaahirishwa hadi leo.

Hakimu ni mama wa makamo. Alisoma akiwa ameinama. Alisema mshtakiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza, hakuisumbua mahakama, hakumdhuru mtu, ana familia na mama mzee anayemtegemea. Kila alichokisema kilikuwa upande wetu. Nilianza kupumua. Koleta alinishika goti.

Kisha akasema, "Mahakama imeyasikia yote hayo. Lakini sheria imeweka adhabu ya chini kabisa, na mimi sina mamlaka ya kushuka chini ya hapo. Utakwenda jela miaka ishirini." Gobole litateketezwa.

Projestus alimgeukia karani kama mtu aliyepitwa na neno. "Ishirini nini?" aliuliza.

Nje, wakili alikunja miwani yake na kuiweka mfukoni. "Kukata rufaa tunaweza, dada, lakini sitaki kukudanganya. Alichopewa ndicho kidogo kuliko vyote." Nilitafuta mtu wa kumkasirikia nikamkosa. Askari walisikia mlio, wakaufuata. Hakimu aliinuka na macho mekundu, niliyaona. Wakili alifika alipoitwa. Ningefurahi kumpata mbaya mmoja tu nimlaani.

Sasa niandike lile linalonikaba.

Mume wangu Dezidery alikuwa akinunua dagaa visiwani, huku huku Muleba. Siku moja mitumbwi miwili iliwazingira wakirudi na mzigo, wezi wakitaka injini. Injini haikuwa hata yake, ilikuwa ya mwenye mtumbwi. Alipigwa risasi ya kifua. Bunduki iliokotwa ufukweni, ilikuwa gobole. Askari aliyekuja kunipa taarifa alinionyesha, akaniambia kwa upole, "Mama, bunduki hii haina namba. Hatuna pa kuanzia." Na kweli hawakuanza popote. Waliomuua huenda wananunua khanga dukani kwangu, nawapa chenji na kuwaambia karibuni tena.

Tangu siku ile, kila niliposikia redioni kwamba mtu aliyekamatwa na gobole amefungwa miaka mingi, nilisema afadhali. Nilisema kwa sauti, mbele ya wateja. Sikuwahi kuuliza alikuwa analifanyia nini.

Na leo mwendesha mashtaka alipolinyanyua gobole la Tata kuonyesha kwamba halina namba, mwili wangu ulitetemeka kama siku ile nilipoonyeshwa lile lililomuua Dezidery. Nililijua tangu nikiwa mtoto. Nilijua hata ufa wa kitako ambao Tata aliufunga kwa waya. Bado nilitetemeka. Macho yangu hayakuweza kulitofautisha na lile lingine. Nitamlaumuje aliyeandika sheria kwa kutoyatofautisha hayo mawili?

Lakini Projestus hajamuua mtu!

Walituruhusu kuongea naye kidogo kabla ya kumpandisha garini. Alikuwa ametulia kupita kiasi. Alimwambia Koleta wavune mapema, wasingoje yakauke sana. Halafu akanishika mkono. "Jene, mwambie Mama kwamba... We mwambie unavyoona."

Kwa hiyo nimekuja mimi.

Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi. Macho yake yamefifia, lakini kisu hakijawahi kumkata. Nilimwambia kwa Kihaya, maana kwa Kiswahili ingekuwa kama namsomea tangazo. Alisikiliza, akaendelea kumenya. Nikadhani hajaelewa, nikarudia. Akasema amesikia.

"Bunduki wamechukua?"

"Wamechukua, Mama."

"Sasa si wabaki nayo, wamrudishe mtoto wangu?"

Nikamweleza habari ya sheria, kwamba hakimu hakuwa na namna. Akaniuliza, "Huyo hakimu si ndiye mkubwa pale?" Nikasema ndiye. "Na yeye akitaka, hawezi?" Nikasema hawezi. Alinitazama kwa namna mtu anavyomtazama mtoto anayedanganya. Mama ana miaka themanini na zaidi. Maisha yake yote amejua kwamba ukimfikia mkubwa, ukapiga magoti, ukalia, kuna kitu kitalegea. Kumwambia kwamba kuna jambo lisilo na mtu wa kulilegeza ilikuwa kama kumwambia hakuna Mungu.

Akaweka kisu chini. "Basi nitamsubiri," alisema.

Koleta alitoka nje. Mimi nikabaki, nikachukua kisu, nikamenya ndizi zilizobaki, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Mama aliniambia namenya vibaya, naacha nyama kwenye ganda. Nikasema nitajitahidi.

Sasa amelala upande wa pili wa ukuta huu, namsikia akisali rozari kwa kunong'ona. Nami najiuliza: siku wale wa ziwani wakikamatwa, nitataka wafungwe kwa sheria ipi? Najua jibu. Ni hii hii. Nitaitaka yote, bila kupunguziwa hata mwezi. Na nikishaitaka kwa ajili yao, nitasimama wapi kumlilia Projestus?

Jumapili nitakwenda gerezani na sabuni na shuka, nione kama wataniruhusu kumwona. Zaidi ya hapo sijui mtu afanye nini.